Askofu Steere na Kanisa la Mkunazini

1. Wakili aliyekunja mikono ya kanzu

Mwaka wa 1828, tarehe 4 Mei, alizaliwa katika mji wa London mtoto mwanamume, akaitwa Edward Steere. Baba yake alikuwa mtu wa sheria, na mwana akafuata nyayo za babaye. Alisoma kwa bidii katika Chuo Kikuu cha London, akashinda mitihani yake yote, hata mwaka wa 1850 akapewa cheo cha daktari wa sheria. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili tu. Mtu mwenye cheo kama hicho katika mji ule angeweza kujipatia mali nyingi na jina kubwa.

Lakini moyo wa Edward haukutulia katika mabaraza ya hukumu. Alikuwa akitafuta kazi ambayo ingewafaa watu wanyonge. Basi akaiacha sheria, akawa shemasi mwaka wa 1856, na padre mwaka wa 1858. Alifanya kazi Skegness, mahali penye wavuvi kando ya bahari, kisha akapewa mtaa mdogo wa shamba uitwao Little Steeping. Mitaa ya kanisa huko Uingereza ni ya zamani sana. Mara nyingi padre hukuta kanisa la mawe limekwisha kusimama miaka mia tano au zaidi, na watu wake wamebatizwa, na babu zao wamezikwa uani. Kazi yake ni kukitunza kile walichokiacha wengine.

Watu wa Skegness walimpenda Steere kwa sababu hakuwa na makuu. Waliona ya kuwa ni mtu wa kukunja mikono ya kanzu na kushika kazi mwenyewe. Alijua kazi nyingi za mikono, na moja katika hizo ilikuwa kazi ya kupiga chapa. Alijifunza kupanga herufi za risasi, kupaka wino, na kukandamiza karatasi mpaka maneno yaonekane. Siku zile ilidhaniwa kuwa ni mchezo wake tu, wa saa za kupumzika. Baadaye ilionekana kuwa ni akiba kubwa aliyowekewa.

2. Safari iliyokusudiwa kuwa fupi

Mwaka wa 1857 Daktari Livingstone, aliyekuwa amerudi Uingereza kutoka Afrika, aliwaeleza watu wa vyuo vikuu habari za biashara ya watumwa aliyoiona. Maneno yake yaliwachoma mioyo, wakaunda misioni ya vyuo vikuu. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, alifika katika nchi ya mto Shire mwaka wa 1861. Haukupita mwaka ila homa ilimwua, tarehe 31 Januari 1862, na wenzake kadha wa kadha wakafa vile vile.

Ndipo alipochaguliwa askofu wa pili, William Tozer. Huyu alikuwa padre wa mtaa uliokuwa jirani na mtaa wa Steere, na rafiki yake sana. Steere hakuweza kuvumilia kumwona rafiki yake akienda peke yake mahali pa mauti. Akajitolea kumsindikiza, akikusudia kukaa naye muda mfupi, kisha arudi Little Steeping. Alikwisha oa wakati huo, na mkewe akabaki Uingereza. Hakujua ya kuwa muda ule mfupi ungekuwa maisha yake yote, na kwamba miaka mingi yeye na mkewe wangeishi mbali mbali. Kazi ile kubwa ilikuwa na gharama yake, na gharama hiyo hawakuilipa wale waliosafiri peke yao, bali na wale waliobaki nyumbani pia.

Waliondoka mwaka wa 1863. Kwanza walikaa juu ya mlima Morambala, karibu na mto Shire, lakini mahali pale palikuwa na ukungu na mvua na ugonjwa, wala hapakuwa na watu wengi wa kufundishwa. Tozer akaona ya kuwa ni afadhali kuanzia mahali ambapo njia zote za bara hukutana. Mahali hapo palikuwa Unguja. Wakafika huko mwisho wa mwezi wa Agosti 1864.

3. Watoto watano

Wakati ule Sultani wa Unguja alikuwa Seyid Majid. Siku si nyingi baada ya wageni kufika, Sultani alimpelekea Askofu watoto watano wanaume, waliokuwa wamenyang'anywa katika jahazi la watumwa. Hawakuwa na baba, wala mama, wala ndugu. Watumwa wengi siku zile walikuwa wameambiwa na watekaji ya kuwa Wazungu hula watu, ili waogope kuwakimbilia. Basi mtu aweza kufikiri jinsi watoto wale walivyoingia katika nyumba ya wageni ile.

Hao watano ndio waliokuwa mtaa wote wa kanisa katika Unguja. Hapakuwa na jengo, wala kengele, wala kitabu. Tena palikuwa na shida nyingine kubwa zaidi: walimu hawakuijua lugha ya wanafunzi, wala wanafunzi hawakuijua lugha ya walimu.

Steere aliona ya kuwa hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Watu walisema zamani, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Daktari wa sheria akainama. Akakaa na watoto wale, na watu wa mjini, wazee na vijana, akiuliza jina la kila kitu, akisikiliza na kuandika. Aliandika maneno, na mithali, na vitendawili, na hadithi za jioni. Kabla yake Daktari Krapf alikuwa amekwisha andika habari za Kiswahili cha Mombasa, na Steere alifaidiwa na kazi yake. Lakini yeye alishika hasa maneno ya Unguja, kwa kuwa aliona ya kuwa ndiyo yaliyokuwa yakichukuliwa na wafanya biashara katika njia zote za bara.

Alipokuwa akiandika, aligundua jambo ambalo kila mtoto wa Kiswahili hulifanya bila kulifikiri. Jina huyaongoza maneno yanayofuatana nalo. Tukisema mtu, tutasema mzuri; tukisema kitu, tutasema kizuri; tukisema watu, tutasema wazuri. Steere aliyapanga majina katika aina zake, moja moja, akaonyesha upatano wake, ili mgeni aweze kujifunza kwa utaratibu.

Ndipo ile kazi ya kupiga chapa ilipofaa. Misioni ilikuwa na mtambo mdogo wa chapa, na Steere akawafundisha vijana kuutumia. Mikono iliyofungwa kamba katika jahazi ikapanga herufi za lugha ambayo watu wote wa Unguja waliielewa. Mwaka wa 1870 vitabu viwili vya Steere vilipigwa chapa huko London: kimoja cha kufundisha Kiswahili, na kimoja cha hadithi za Waswahili alizosimuliwa na watu wa Unguja. Katika hicho cha pili imo hadithi ya Sultani Darai na paa wake, na hadithi ya punda wa dobi. Hadithi hizo hazikuwa za Steere. Zilikuwa mali ya wenyeji. Yeye alizitunza tu katika karatasi, zisipotee.

Wale watoto nao walikua. Mwaka wa 1870 wawili katika wale watano, John Swedi na George Farajallah, waliwekwa na Askofu Tozer katika daraja ya chini ya mashemasi. Farajallah hakukawia kufariki. Swedi aliendelea na kazi miaka mingi.

4. Soko la watu

Steere alikuwa amerudi Uingereza mwaka wa 1868, kwa mkewe na kwa mtaa wake. Lakini habari za Unguja zilizidi kuwa mbaya. Askofu Tozer alikuwa mgonjwa, na walimu wengine walikuwa wamekufa au kurudi kwao. Mwaka wa 1872 Steere akaiacha tena Little Steeping, akaja Unguja. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule tufani kubwa ilipiga kisiwa. Minazi na mikarafuu ikang'olewa kwa maelfu, vyombo vikavunjika bandarini, na nyumba za misioni zikaharibika. Mwaka uliofuata Tozer akajiuzulu uaskofu kwa sababu ya udhaifu wa mwili. Mtu aliyekuja kumsindikiza mwenziwe akajiona amebaki na mzigo wote.

Mjini Unguja, mahali paitwapo Mkunazini, palikuwa na soko la watumwa. Lilikuwa upande wa nyuma wa mji, karibu na hori iliyoutenga mji na Ng'ambo. Kila mwaka maelfu ya watu waliletwa kisiwani kutoka bara, na wengi wao waliuzwa pale. Waliketishwa kwa safu, wakubwa na wadogo, na mnunuzi akawatazama meno na mikono, kama mtu anunuaye mnyama. Walikuwamo Wayao, na Wanyasa, na Wabisa, na watu wa kabila nyingine nyingi, waliotembea miezi mingi na kongwa shingoni. Wengi zaidi walikufa njiani.

Haifai kudhani ya kuwa dhambi ile ilikuwa ya taifa moja tu. Watekaji walikuwa Waarabu na Waswahili, na wakuu wa bara waliouza jirani zao, na pengine watu wao wenyewe, kwa nguo na bunduki. Wenye kukopesha mali walikuwa Wahindi. Wazungu wa visiwa vya bahari ya Hindi walinunua watumwa kwa mashamba ya miwa, na Wazungu wa Ulaya na Marekani walinunua pembe ambazo mara nyingi zilichukuliwa mabegani mwa watumwa. Wala hofu ile haikuwa ya nchi za pwani tu. Karonga, katika ziwa Nyasa, ni safari ya siku chache kwa miguu kutoka Chapwa. Huko mfanya biashara Mlozi aliendelea kuuza watu mpaka mwaka wa 1895.

Mwaka wa 1873 serikali ya Uingereza ilimtaka Sultani Seyid Barghash aikomeshe biashara ya watumwa baharini. Kwanza alikataa, kwa maana wakubwa wa nchi na hazina yake mwenyewe walipata faida kwayo, tena tufani ilikuwa imemtia hasara. Lakini alipoambiwa ya kuwa manowari zitaufunga mji, akakubali. Tarehe 5 Juni 1873 aliutia mkono mkataba, na masoko yote ya watumwa yakafungwa.

Soko likabaki uwanja mtupu. Ndipo padre mmoja wa misioni, Arthur West, alipolinunua sehemu kubwa yake kwa mali yake mwenyewe, na sehemu nyingine ikatolewa na tajiri mmoja wa Kihindi. Siku ya Krismasi mwaka ule ule wa 1873 jiwe la msingi likawekwa. Kati ya siku soko lilipofungwa na siku msingi ulipowekwa haikutimia miezi saba.

5. Kazi ya chokaa na mawe

Kabla ya kuta kuinuka, palijengwa kibanda cha udongo na makuti. Humo Steere alihubiri kwa Kiswahili, na mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Watu wa mjini, Waislamu, walikuja kusikiliza na kujadiliana naye. Wengi hawakuacha dini yao, lakini walimsikiliza kwa adabu, kwa kuwa alisema lugha yao vizuri wala hakuwadharau.

Uaskofu haikuwa kazi aliyoitafuta. Hata hivyo, alipokosekana mwingine, alikubali, akawekwa kuwa askofu wa tatu wa misioni tarehe 24 Agosti 1874, katika kanisa la Westminster Abbey huko London. Kisha akarudi kwenye mawe yake.

Kanisa la Mkunazini lilijengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani mawe ya bahari, na chokaa. Askofu aliisimamia kazi mwenyewe. Alikagua chokaa, akapima kuta, akawafundisha mafundi jambo wasilolijua, akajifunza kwao jambo asilolijua yeye. Safari zake zilikuwa nyingi, na kazi haikumngoja daima. Hata leo wageni wakiingia katika kanisa lile huonyeshwa nguzo ambazo husimuliwa kuwa zilisimamishwa kichwa chini na mafundi, Askofu alipokuwa hayupo. Aliporudi hazikuvunjwa. Zimesimama vivyo hivyo, na paa halikuanguka kwa ajili yake.

Paa lenyewe lilikuwa shaka kubwa. Nyumba za Unguja zilikuwa na dari bapa, lililoshikwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti hazikuwa ndefu, vyumba vyake vilikuwa vyembamba. Askofu alitaka kanisa pana lisilo na boriti hata moja. Basi akakusudia kujenga tao moja refu la mawe madogo na saruji, kutoka ukuta huu mpaka ukuta huu, kama nusu ya pipa lililolazwa. Wengi walidhani ya kuwa litaanguka. Lilijengwa juu ya miti mingi iliyolishikilia, likaachwa likauke. Siku miti ilipoondolewa, tao lilibaki juu. Limebaki juu mpaka leo.

Kazi hiyo yote ilichukua kadiri ya miaka saba. Seyid Barghash, yule yule aliyelazimishwa kulifunga soko, alitoa saa ya kuwekwa katika mnara wa kanisa. Madhabahu iliwekwa mahali ambapo, kwa masimulizi ya watu, ulikuwapo mti wa kufungia watumwa na kuwapiga.

6. Kanisa lisilo la mawe

Lakini Askofu Steere alijua ya kuwa nyumba si mtaa. Mtaa wa kanisa ni watu, na watu wake walikuwa watu wa namna gani? Walikuwa mateka, waliotolewa majahazini na manowari za Kiingereza, wakaletwa misioni kwa makundi, wakiwa na njaa na vidonda. Kila mmoja alikuwa na lugha yake. Wengine hawakukumbuka hata jina la kijiji chao. Swali lilikuwa hili: je, watu waliouzwa kama bidhaa wataweza kuwa jamii moja yenye walimu wake na mapadre wake?

Askofu alijibu kwa matendo. Kiungani palikuwa na shule ya wavulana, ambao baadhi yao walifunzwa kuwa walimu. Mbweni, nje ya mji, palikuwa na shamba la misioni. Watu wazima walipewa humo nyumba na kipande cha ardhi walime, na wasichana wakapata shule yao. Mwaka wa 1877 alifika huko Bibi Caroline Thackeray, aliyewafundisha wasichana hao miaka mingi, akakaa Unguja mpaka alipokufa mwaka wa 1926. Huko bara, katika nchi ya Bonde, kazi ya Magila iliimarishwa tangu mwaka wa 1875. Hivyo mtaa ulikua: kwanza nyumba moja yenye watoto watano, kisha shule, kisha shamba, kisha bara.

Tena Askofu hakupenda kuwaona mateka wakirundikana kisiwani kama wageni wa daima. Aliona ya kuwa kumtoa mtu minyororo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumrudishia nchi. Mwaka wa 1875 alitembea kwa miguu kutoka Lindi mpaka kwa Mataka, mkuu wa Wayao, ili aijue njia. Mwezi wa Oktoba 1876 akaondoka Unguja pamoja na watu zaidi ya hamsini, wanaume na wanawake waliokuwa watumwa, na kijana William Johnson. Walishuka Lindi, wakashika njia ya bara. Ilikuwa ni njia ile ile ya misafara ya watumwa. Ila safari hii watu walikwenda kinyume, migongo yao kwa bahari, na shingo zao hazina kongwa.

Shabaha yao ilikuwa kufika nchi za ziwa Nyasa. Lakini walipofika Masasi, penye milima ya mawe na maji na ardhi nzuri, watu wakaomba wakae pale pale. Walijiona wamekwisha karibia kwao. Askofu hakuwalazimisha. Akawagawia viwanja, wakajenga kijiji, na Masasi ikawa mama wa mitaa mingi ya kusini.

Na swali lile lilianza kupata jibu. Mwaka wa 1879 Askofu Steere alimweka John Swedi, mmoja wa wale watoto watano, kuwa shemasi kamili.

7. Mwisho wa kazi yake

Miaka hiyo yote Askofu hakuacha kuandika. Asubuhi mawe, mchana shule, na usiku tafsiri. Alifasiri Agano Jipya lote kwa Kiswahili, na sehemu za Agano la Kale, na sala za kanisa, akichagua maneno ambayo mtu wa sokoni angeyaelewa. Mwili wake ulichoka. Mwaka wa 1882 alikwenda Uingereza kupumzika, lakini hakukaa sana. Alirudi Unguja mwezi wa Agosti, na siku chache baadaye, tarehe 27 Agosti 1882, alifariki. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne. Walimzika ndani ya kanisa alilolijenga, nyuma ya madhabahu.

Wiki chache baada ya kifo chake Masasi ilishambuliwa na Magwangwara. Kijiji kilichomwa moto, na baadhi ya watu waliokwisha kuwekwa huru wakatekwa mara ya pili. Mtu aliyeiona siku ile angeweza kusema ya kuwa kazi yote ya Askofu imepotea. Haikupotea. Wako waliokombolewa, wako waliotorokea maporini wakarudi. Kijiji kilisimama tena, na mwaka wa 1926 Masasi ikawa makao ya askofu wake yenyewe.

Biblia nzima ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka wa 1891, wengine wakiwa wameimaliza kazi aliyoianza. Mwaka wa 1890, katika kanisa lile lile la Mkunazini, Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, aliwekwa kuwa padre, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misioni ile. Utumwa wenyewe ulikuwa haujafutwa bado katika Unguja; sheria ya kuufuta ilitoka mwaka wa 1897. Kwa hiyo Majaliwa alisimama madhabahuni kuwa padre wakati ambapo hatua mia kutoka mlangoni palikuwa na watu waliohesabiwa kuwa mali ya watu wengine.

Na ile lugha je? Mwaka wa 1928 wajumbe wa nchi za Afrika ya Mashariki walikutana Mombasa, wakachagua Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu vya shule. Zilikuwapo sababu nyingi za uchaguzi huo. Moja ni kwamba Kiunguja kilikuwa kimekwisha pata vitabu, tangu siku zile mtu mzima mwenye cheo cha daktari alipokaa kati ya watoto akiuliza majina ya vitu.

Kanisa la Mkunazini lingali limesimama. Ndani yake umo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, katika nchi ya Zambia, ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake mwaka wa 1873. Nje, tangu mwaka wa 1998, pana sanamu za watumwa watano ndani ya shimo, wamefungwa minyororo. Watu hutoka mbali kuja kutazama. Aingiaye kanisani huliona tao, na nguzo zilizopinduliwa, na madhabahu. Mtaa wenyewe hauonekani kwa macho hayo. Ulianza na watoto watano waliokuja bila majina ya baba zao, nao uko mpaka leo popote wajukuu wa watumwa na wajukuu wa watekaji wanapoketi katika safu moja, wakisali kwa lugha moja.